Wali wa Baba Mkwe

Kule Talatala, wilayani Kyela, watu wengi huamshwa na jogoo. Nyumba ya Lusungu na mkewe Kisa iliamshwa na kikohozi.

"Kho! Kho! Kho-hooo!"

Huyo alikuwa Mzee Ambilikile, baba yake Lusungu, anakwenda kwenye shamba lake la kakao. Nyumba yake na ya mwanawe zilitenganishwa na migomba tu, na njia ilikuwa moja. Mzee hakuwa na ugonjwa wowote wa kifua. Alikuwa anapiga honi.

Maana yake ni hii. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani. Hawatazamani usoni, hawasemezani, hawapishani njiani. Siku hizi wengi wameiacha, na vijana wanaicheka. Lakini Mzee Ambilikile hakuwa mtu wa kuacha jambo lake kwa sababu vijana wamecheka. Na Kisa naye alifundwa vizuri na mama yake. Basi mzee akikohoa, Kisa hutupa ufagio palepale, huyo, ndani! Mzee anapita huku amekodolea macho migomba ya upande wa pili.

Kikohozi hicho kiliwahi kumponza. Mhudumu wa afya wa kijiji alikisikia asubuhi, mchana na jioni, akamjia na kikopo cha makohozi.

"Mzee, hiki kinaweza kuwa kifua kikuu."

Mzee akamweleza desturi yote, tangu enzi za babu yake. Mhudumu akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Nimekuelewa, mzee. Temea humu."

Akatema. Majibu yakaja kwamba hana kitu, akaendelea kukohoa kwa raha zake.

Tangu Kisa aolewe, mzee alimjua kwa visigino na pindo la kanga, basi. Lakini alimpenda mkwe wake yule, jamani! Kisa alikuwa mchapakazi mwenye adabu. Tena ndiye aliyemzalia Jubilate, mjukuu wake wa kwanza. Jubilate alizaliwa na kilo nne na nusu, na ushee. Wee! Mzee alizunguka na habari hiyo kijiji kizima. Watu wakipima kakao, yeye husimama kando ya mizani.

"Unaona hapo mshale ulipofika?" anamwambia jirani yake Ambwene. "Hapo bado hujamfikia mjukuu wangu. Sisi hatuzai vitoto, sisi tunazaa watu."

Kisha anaongeza, "Na mkono amenifuata mimi. Kushoto! Kula kushoto, kurusha mawe kushoto. Damu yangu ile."

Sasa Kisa alikuwa na mimba ya pili. Nawe niambie, mtu utampendaje mtu usiyeruhusiwa hata kumsalimia? Mzee Ambilikile alimpenda kwa chakula. Kila siku mkewe, Mama Lusungu, alivuka migomba na hotpoti ya wali. Wali wa mchele wa Kyela, ule ambao ukipikwa, jirani anakumbuka ana jambo la kuja kukuuliza. Pamoja na wali, ndizi mbivu. Pamoja na ndizi, miwa. Na mzee mwenyewe akienda Kyela mjini, alipitia dukani kwa Mudathiri akarudi na kreti ya soda kwenye bodaboda.

"Mkwe amekula?" mzee anauliza.

"Amekula."

"Amemaliza?"

"Amemaliza."

"Mwongezee! Wako wawili wale."

Kisa angefanyaje? Kurudisha chakula cha baba mkwe ni kama kumtukana. Na kumwambia hawezi. Akawa anakula mpaka anahema.

Basi siku moja Mama Lusungu alimsindikiza Kisa kliniki. Alirudi kimya, na Mama Lusungu akiwa kimya ujue kuna jambo. Mzee akaulizia, akajibiwa kwamba mkwe hajambo. Hotpoti ikaendelea kuvuka migomba, na ikaendelea kurudi tupu. Mzee akaridhika.

Jioni moja upepo ukamletea harufu ya wali. Si kutoka jikoni. Ilitoka kwenye banda la nguruwe la Lusungu. Mzee akakohoa, akazunguka nyuma ya nyumba, akachungulia.

Nguruwe alikuwa anakula wali. Wali mweupe, wa moto bado, umepambwa na ndizi mbivu juu. Tena ndizi zimemenywa! Nguruwe akainua kichwa, akamtazama mzee, akaendelea na shughuli yake. Alikuwa amenenepa mpaka macho yamepotea.

"Mama Lusungu!" mzee akapiga kelele. "Mama Lusungu, njoo unieleze! Huyu nguruwe ameolewa lini katika ukoo wangu?"

Mama Lusungu akaja mbio. Lusungu naye akaja, akaanza kutazama kandambili zake.

"Ni mambo ya kliniki, baba Lusungu," mke akasema.

"Mambo gani?"

"Ya wanawake."

"Wanawake na nguruwe wanahusiana nini?"

Mzee akaketi kwenye gogo la mgomba. Hasira ikamtoka, akabaki na uchungu. "Kumbe mkwe wangu hanitaki," alisema taratibu. "Angekataa tu chakula changu, nikajua. Kuliko kunichekea kupitia tumbo la nguruwe."

Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, Kisa aliyasikia yote. Akalia. Kisha akajipangusa, akachukua simu, akampigia nesi Prisca wa zahanati. "Nesi, nakuomba uje nyumbani," alisema. "Uje umweleze baba mkwe wangu. Ninakuruhusu umwambie kila kitu. Mimi siwezi."

Nesi Prisca akaja na bodaboda siku ya mapumziko yake. Kisa alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Mzee alikaa nje kwenye kigoda, amegeuzia mlango mgongo. Nesi akapewa kiti katikati, kizingitini.

"Mugonile, tata," nesi alimsalimu mzee kwa Kinyakyusa, akimwita baba.

"Ugonile, mwanangu. Niambie, nimemkosea nini mkwe wangu?"

Sauti ya Kisa ikatoka ndani, ndogo lakini inasikika. "Nesi, mwambie tata hajanikosea. Wali wake ni mtamu sana. Shida ni mimi, siwezi kuula wote."

"Tata, umesikia?" nesi akauliza.

"Nimesikia. Lakini niambie wewe."

"Si umesikia?"

"Mkwe wangu hajasema nami. Amesema nawe. Niambie."

Nesi akashusha pumzi. "Haya. Anasema hujamkosea, wali ni mtamu, ila hawezi kuula wote."

"Muulize kwa nini."

"Kisa, unaulizwa kwa nini."

"Nimesikia, nesi," Kisa akajibu. "Mwambie ni sukari."

"Leo nimekuwa redio," nesi akasema, na Mama Lusungu akaangua kicheko pale jikoni.

Kisha nesi akasogeza kiti. "Tata, nisikilize mimi sasa. Kisa alinyweshwa maji ya sukari kliniki, tukapima damu yake. Sukari imepanda kupita kiasi. Ana kisukari cha mimba."

"Ameumwa lini? Visigino nilivyoviona jana vilikuwa vya mtu mzima kabisa!"

"Ndiyo ubaya wake. Mara nyingi hakina dalili. Mtu anajiona mzima, ndiyo maana tunapima. Na tunamwangalia zaidi mama aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo nne au zaidi. Huyo mimba nyingine ikija, awahi kliniki mapema."

"Kilo nne na nusu, na ushee," mzee alisahihisha.

"Tena na ushee! Sasa tata, chakula kikiingia mwilini, kingi kinageuka sukari. Wali, ugali, ndizi, soda, miwa, vyote. Sukari inatembea kwenye damu. Wakati wa mimba, mwili wa mama unapata taabu kuipunguza. Basi inazidi, inapita kwenye kitovu, inakwenda kwa mtoto. Mtoto anakula asubuhi, anakula mchana, anakula usiku, hapumziki. Anafanyaje?"

Mzee akatazama kule bandani. "Ananenepa."

"Ananenepa. Umemwona nguruwe wa Lusungu?"

"Usinikumbushe."

"Mtoto naye ananenepa hivyo hivyo, hasa mabegani na tumboni. Lakini njia ya kutokea ni ileile."

"Sasa nesi," mzee akabisha, "mtoto mkubwa si ndiyo afya? Ukoo wetu wote tumezaliwa wakubwa. Jubilate alizaliwa mkubwa, na mtazame!"

Mama Lusungu akatoka jikoni, ameshika mdomo kwa kanga.

"Nesi," Kisa akasema kutoka ndani, "mwambie kuhusu mkono wa Jubilate."

Nesi akasema polepole. "Tata, Jubilate alikwama. Kichwa kilitoka, mabega yakagoma. Wakunga walihangaika naye mpaka akatoka, lakini mishipa ya fahamu ya bega la kulia iliumia. Hatumii kushoto kwa sababu ya damu yako. Anatumia kushoto kwa sababu kulia hakuna nguvu."

Jubilate alikuwa anacheza uani. Mzee akamwita. "Mjukuu wangu, nyoosha mikono juu. Yote miwili."

Mtoto akacheka, akanyoosha. Wa kushoto ukapaa juu kabisa. Wa kulia ukafika usawa wa bega, ukasimama hapo. Mzee alikuwa ameuona mkono ule tangu mtoto anatambaa, na kila alipouona alijisifu.

"Na mama yake?" akauliza.

"Alichanika, akapoteza damu nyingi. Aliongezewa damu. Nusura tumpoteze."

"Mbona hamkuniambia?" mzee akamgeukia mkewe.

"Mambo ya uzazi ya mkwe wako ningekuambiaje?" Mama Lusungu akajibu huku analia. "Nani anamweleza baba mkwe mambo hayo?"

Mzee Ambilikile akafunika uso kwa kofia yake. Aliona aibu, na aibu ikamchoma kuliko uchungu wa nguruwe. "Nimezunguka kijiji kizima," alisema ndani ya kofia, "najisifia kitu kilichotaka kumuua mkwe wangu. Na sasa namletea kingine kwa hotpoti."

"Tata, hukujua," nesi akasema. "Wala Kisa hana kosa, wala hajalogwa na mtu. Na safari hii tumegundua mapema. Sukari ikishuka, mtoto atakua kwa kiasi chake. Apunguze wali, aongeze maharage, samaki na mboga za majani. Soda, miwa na sukari kwenye chai aache. Ndizi mbivu, kidogo. Ale kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Atembee baada ya kula. Aje kliniki tumpime. Na kujifungua, ni hospitali. Nyumbani hapana."

"Nimesikia," mzee akasema, akavaa kofia yake. "Na safari hii sitaki kurudiwa."

Tatizo la Mzee Ambilikile ni kwamba hakujua kufanya jambo nusu. Kesho yake hotpoti haikuvuka. Ulivuka mzigo wa majani ya maboga, umefungwa kwa kamba, mkubwa wa kulisha ng'ombe. Keshokutwa, mzigo mwingine. Siku ya tatu Kisa akasimama kufagia, akaona kizunguzungu.

Mama Lusungu akampigia nesi, akaweka simu kwa sauti ili mzee asikie.

"Nani amekuambia ashinde na njaa?" nesi akafoka. "Mama mjamzito anakula! Wali apate, kiasi. Robo ya sahani, siyo mlima. Nusu ya sahani mboga, na robo inayobaki maharage au samaki. Tata, upo hapo?"

"Sipo," mzee akajibu.

"Mkwe wako siyo mbuzi!"

Mzee akakaa, akawaza. Robo ya sahani ataijuaje, na sahani za Mama Lusungu nyingine ni kama masinia? Alipopata jibu, akaenda mpaka Lyulilo, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa karibu na Matema, soko ambako vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa mwambao ule, hufika kwa mitumbwi. Akapita vyungu vikubwa, akapita vya kati, akainama kwenye vile vidogo.

"Hicho cha kupikia nini, baba?" mama muuzaji akauliza.

"Wali wa mkwe wangu."

"Baba! Hicho kinamtosha mtoto. Unamchukia mkwe wako kiasi hicho?"

"Nampenda kiasi hicho," mzee akasema, na soko lote la vyungu likacheka. Akanunua na samaki aina ya mbasa, akarudi.

Tangu hapo wali wa Kisa ulipikwa kwenye kile chungu. Kikijaa, basi. Hakuna wa kuongeza, hata mzee mwenyewe. Mbasa na maharage vikafuata, na mboga sasa kwa kipimo cha binadamu. Aliyeumia ni nguruwe. Alirudishiwa pumba, akapiga kelele siku nzima, hakutaka kuamini.

Likabaki la kutembea. Nesi alimuuliza Kisa kliniki, "Unatembea baada ya kula?"

"Nitatembeaje, nesi? Njia ni moja, na tata yuko njiani kila saa. Nikitoka nakimbilia ndani. Hayo ndiyo mazoezi yangu."

Habari ikamfikia mzee kupitia kwa Mama Lusungu. Akashangaa. Miaka yote alidhani kikohozi chake kinampa mkwe heshima. Kumbe kinamfungia ndani! Akabadilisha sheria. Kisa akimaliza kula, mzee anaingia nyumbani kwake, anafunga mlango, ndipo anakohoa. "Kho! Kho! Kho-hooo!" Maana yake: nimeshaingia, njia ni yako. Kisa anatoka na Jubilate, wanatembea mpaka mwisho wa shamba la kakao, wanarudi. Njiani Jubilate ananyoosha mkono wake wa kulia kugusa matunda ya kakao, kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali alivyomwelekeza. Mzee anawachungulia kupitia tundu la dirisha, visigino tu.

Sukari ikashuka. Mwezi wa mwisho ikapanda tena kidogo, hospitali wakamwanzishia Kisa sindano za insulini. Mzee akaogopa sana. Akampigia nesi mwenyewe.

"Chungu kimeshindwa?"

"Hakijashindwa, tata. Wengine chakula na kutembea vinawatosha. Wengine wanahitaji na dawa. Bila chungu chako angehitaji dawa nyingi zaidi."

Siku yenyewe ikafika. Kisa alikuwa ameshalazwa hospitali mjini kabla uchungu haujaanza, kama alivyoelekezwa. Mzee Ambilikile akakaa nje kwenye benchi na Ambwene, jirani yake. Alikuwa anazungusha kofia mikononi. Kila mlango ulipofunguka alisimama. Hakuogopa hivyo hata siku alipooa.

Mwishowe Mama Lusungu akatoka mbio, kanga inaburuzika. "Mvulana! Baba Lusungu, mvulana! Kilo tatu na..."

"Sikuuliza kilo!" mzee akamkata. "Kisa?"

"Mzima. Amekaa, anamnyonyesha."

"Na mikono?"

"Mikono?"

"Mikono ya mtoto! Yote miwili inacheza?"

Mama Lusungu akamtazama mumewe, machozi yakaanza. "Inacheza, baba Lusungu. Yote miwili. Amempiga mkunga kofi la kulia."

Mzee akakaa. Akacheka na kulia kwa pamoja, na Ambwene akajifanya anatazama magari.

Wakampima mtoto sukari kwa tone la damu ya kisigino. Nesi wa wodini alieleza kwamba mtoto aliyezoea sukari nyingi ya mama anaweza kuishiwa ghafla kitovu kikikatwa. Ndiyo maana ananyonyeshwa mapema na kupimwa. Mtoto alikuwa salama.

Waliporudi Talatala, majirani wakaja kumwona. Ambwene hakuweza kujizuia. "Mzee, nasikia safari hii mmepata kadogo. Kwenye mizani yetu ya kakao hata mshale haungeshtuka."

"Mpe kidole," mzee akasema.

Ambwene akampa mtoto kidole cha mkono wa kulia. Mtoto akakishika, hakutaka kukiachia.

"Basi," mzee akasema. "Hiyo ndiyo mizani yangu siku hizi."

Jioni wageni walipoondoka, Kisa akaingia ndani kumlaza mtoto. Mzee akapita kwenye ile njia yao moja. Akajaza kifua hewa kama kawaida yake. "Kho..."

"Tata!" sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Usikohoe! Mtoto amelala."

Mama Lusungu akaacha kupeta mchele. Hakuna aliyetumwa, hakuna aliyeambiwa "mwambie". Kisa mwenyewe amesema na baba mkwe wake.

Mzee Ambilikile akakimeza kikohozi chake, kikamletea machozi. Kisha akaugeukia mgomba, akasema kwa sauti ya chini ili asimwamshe mtoto:

"Wewe mgomba, mkumbushe mkwe wangu. Mtoto akifikisha wiki sita, arudi kupima sukari. Nesi amesema isipoangaliwa inaweza kurudi."

Mgomba haukujibu.

"Nimesikia, tata," Kisa akasema, akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo."

Mzee akaenda zake nyumbani taratibu, ananyata kwenye majani makavu, kofia ameishika mkononi.